Naombeni ushauri: bilauri na yai vinanigomea, nautaka mwanga wa Sudek

BilauriMoja:
Habari zenu wakuu. Wiki ya tatu hii nahangaika na picha moja. Bilauri yenye maji nusu, yai pembeni, nyuma yake kioo chenye matone ya maji. Nilianza baada ya kuona picha za Josef Sudek, yule mpiga picha wa Prague. Bilauri zake zinakaa kama zimekunywa mwanga wote wa chumba zikatulia. Yangu kingo zimepotea, yai limekuwa duara jeupe lisilo na tumbo, na ndani ya maji kuna nukta inayowaka kama jicho la paka usiku.

Swali: ninunue lenzi gani? Nina siku tisa tu, naomba msinizungushe.

MwangaKwanza:
Karibu. Lenzi iache kwanza, hiyo nukta imeshasema kila kitu. Bilauri haina sura yake, inaonyesha kilichoizunguka. Ukiona nukta kali, chanzo chako cha mwanga ni kidogo. Sudek alikuwa na dirisha: kuanzia 1940 hadi 1954 alipiga mfululizo mzima wa picha za dirisha la studio yake. Lako liko upande gani wa meza?

HohoYaBati:
Umenikumbusha mwaka nilipomwandama Edward Weston, mpiga picha wa Marekani. Ile hoho yake namba 30, ya 1930, aliiweka ndani ya faneli ya bati, mwanga ukawa unaikumbatia pande zote. Mimi faneli niliyoipata kwanza ni ya plastiki ya bluu, hoho ikatoka kama mgonjwa. Nilipopata ya bati, hoho imeshanywea. Nikanunua nyingine, nikanunua nyingine. Mke wangu alizipika zote, na watoto mpaka leo wakiona hoho wanauliza kama baba ameshamaliza.

Mnyoofu:
Mimi naona tatizo limeanza mapema. Kwa nini uige? Sudek alipoteza mkono wa kulia vitani, kule Italia, akaendelea kubeba kamera kubwa kwa huo uliobaki. Macho ya mtu aliyepita huko hayaazimwi. Piga vya kwako.

FundiKaratasi:
Mnyoofu, na wewe kusoma ulijifunza kwa herufi zako mwenyewe? Muache ajifunze.

BilauriMoja:
Asanteni wote. Mimi si msanii, Mnyoofu, wala sijasema ni msanii. Mwanga upo wa kutosha. Nauliza lenzi kwa sababu nimeshaagiza ichapwe ukubwa wa mita moja na nimelipa nusu, sitaki ikikuzwa ipoteze ukali.

MwangaKwanza:
Mita moja? Mkuu, tangu 1940 Sudek alikuwa anailaza negativu, ile filamu iliyopigwa, juu ya karatasi yenyewe, picha inatoka na ukubwa uleule wa negativu. Ule utulivu unaoupenda, sehemu yake imetoka hapo: unaisogelea picha kama unasoma barua. Na bado hujanijibu. Dirisha liko wapi?

HohoYaBati:
Jibu swali la dirisha bwana, nimeweka kambi hapa.

BilauriMoja:
Hakuna dirisha. Napigia stoo, usiku, kwa taa ya mezani.

Bilauri ni ya marehemu baba. Alikunywa maji asubuhi ile, akaiacha mezani jikoni karibu na dirisha, hakurudi. Mama hataki iguswe. Anafuta vumbi kuizunguka. Siku tisa zijazo ndugu zangu wote wanakutana nyumbani, nataka wakute picha ukutani. Kwa hiyo mama akilala naichukua, alfajiri nairudisha. Sioni ubaya, inarudi ilipokuwa, na maji namwaga yangu. Kumwambia ni kumuumiza bure.

NuruNjema:
Pole sana kaka. Lakini unamwekea mama picha ya mita moja ya kitu ambacho hajaruhusu hata kihamishwe? Atashtukia mbele ya watoto wake wote. Mama yangu alitunza kofia ya kaka yetu vilevile, mdogo wangu akaifua kwa nia njema kabisa. Hatukusikia sauti ya mama siku mbili. Zungumza naye.

Mnyoofu:
Nafuta niliyosema mwanzo. Lakini la kuchukua kwa siri silikubali.

ChekechaMaji:
Samahani, hii ni chai. Mwanzo kasema nyuma ya bilauri kuna kioo chenye matone ya maji. Sasa stoo haina dirisha. Kioo kimetoka wapi? Halafu baba, usiku, alfajiri, vyote vimekuja baada ya kubanwa. Tuwekee picha au uzi ufungwe.

HohoYaBati:
Hata mimi nilitaka kuuliza hilo la kioo.

FundiKaratasi:
Jamani, mtu kafiwa.

ChekechaMaji:
Humu watu wamefiwa na baba yuleyule mara tatu.

BilauriMoja:
Kioo nilikitoa kwenye fremu ya picha, nikakisimamisha kwa matofali mawili na kukinyunyizia maji. Picha siweki. Bilauri ina ufa mdogo mdomoni, ndugu zangu wanaujua, na mmoja yumo humu.

MwangaKwanza:
Iwe chai au isiwe, jibu lake ni lilelile na litamfaa mwingine. Ukibaki stoo: tundika shuka jeupe kati ya taa na bilauri, taa iwe nyuma ya shuka, shuka lisogee karibu na meza kadiri unavyoweza. Hapo chanzo ni shuka lote, nukta itatanuka iwe bamba laini. Kingo za bilauri zitarudi ukisimamisha karatasi nyeusi kushoto na kulia, nje kidogo ya fremu, kwa sababu kioo kitazivuta kama mistari. Yai usilielekeze kwenye mwanga, liache ubavu ili kivuli kipande polepole, ndiyo tumbo lake hilo. Kamera kwenye stendi, shata ikae wazi muda mrefu, usipandishe ISO, ule wepesi wa kamera kwa mwanga. Lenzi uliyonayo inatosha.

Ila umesema yeye aliiacha karibu na dirisha. Unaibeba kuitoa kwenye mwanga unaoutafuta.

NuruNjema:
Hapo.

BilauriMoja:
Mama hawezi kukubali. Namjua.

*(siku nne baadaye)*

ChekechaMaji:
Kimya. Niliwaambia.

BilauriMoja:
Nipo. Dirisha la jikoni, saa moja asubuhi, wingu zito, sekunde mbili. Bilauri sikuigusa, nimezungusha meza yote ya kamera kuifuata. Maji kamwaga mama mwenyewe. Karatasi nyeupe upande wa kivuli pia kashika yeye, mkono ukamchoka, akabadilisha, hakutaka nimpokee. Mchapaji nimemwomba aipunguze iwe ya kiganja, hela ya mita moja hairudi.

Sasa ukingo wa kulia wa yai umeungua, hauna kitu kabisa. Na mama anasema kesho turudie. Nisogeze nini?

MwangaKwanza:
Yai. Lirudishe nyuma upana wa vidole viwili, liingie kivulini mwa bilauri. Na mwambie mama asiilete karatasi karibu sana.