Rejeta inavuja: nizibe ama ninunue ingine?

Wa_Umoja
Wadau habari zenu. Rejeta ya gari yangu inavuja, nikipaki jioni asubuhi napata maji chini. Fundi wa hapa mtaani anasema ataiziba kwa elfu mbili na nitasahau hiyo shida, mwingine anasema nisitupe pesa, ninunue ingine. Jumamosi nafaa kumpeleka mamangu Eldoret. Nifuate nani?

Spana_Ngara
Boss hujatuambia kitu. Gari gani? Injini gani? Otomatiki ama manual? Inavuja juu, chini, katikati kwa mapezi, ama ni klipu ya mpira imelegea? Geji ya joto imewahi kupanda? Na unaweka maji ama kulanti, ile dawa ya rangi ya kupoza injini?

ProboxNiUhai
Nunua ex-Japan, ile imetolewa kwa gari iliyotumika Japani, mambo yaishe. Kirinyaga Road zimejaa tele.

MamaK_Kasarani
Kwanza hakikisha ni rejeta. Mimi niliambiwa rejeta, kumbe ni pampu ya maji. Halafu kama huwa unawasha AC, hiyo nayo hudondosha maji na hayana shida yoyote. Shika hayo maji kwa vidole, kulanti huteleza na huwa na rangi.

Wa_Umoja
Asanteni. Ni Fielder ya 2005, ile 121, injini 1NZ, otomatiki. Ufa uko kwa tangi la juu, ile plastiki nyeusi, karibu na pale mpira mkubwa unaingilia. Ni mwembamba kama unywele lakini pembeni kuna ukoga wa kijani umekauka. Geji haijapanda. Ilikuwa na kulanti lakini siku hizi naongeza maji tu kila asubuhi.

Spana_Ngara
Sasa tunaongea. Kama ni plastiki, badilisha. Zile rejeta za zamani za shaba ungechomelea kwa lehemu na zikae miaka, lakini hizi katikati ni aluminiamu na tangi ni plastiki iliyobanwa na meno juu ya mpira. Hiyo plastiki imepikwa miaka yote hiyo, imekauka, ukiziba huu ufa utafunguka mwingine hapo kando. Angalia mfuniko wa rejeta, utaona umeandikwa 1.1, hiyo ni presha. Injini ikipata moto presha inasukuma kiraka, ikipoa kinalegea, kila siku hivyo hivyo. Gundi gani itavumilia hiyo?

JuaKali_Kariobangi
Spana usitishe watu. Si lazima anunue rejeta nzima. Kama katikati bado iko sawa, yale meno yanafunguliwa polepole, anawekewa tangi lingine na mpira mpya, inabanwa, inapimwa presha ndani ya karai la maji. Kazi hiyo tunafanya kila wiki na matatu zinarudi barabarani. Kuziba kwa gundi ndio sikubali, hapo tuko pamoja.

Rongai_Daily
Wacha niwaambie yaliyonikuta. Fielder kama hiyo, ufa hapo hapo juu, fundi akaweka Araldite na kipande cha waya, akapiga sandpaper ikawa safi hata huwezi kujua, nikampa dereva apeleke mzigo Nakuru na kurudi. Kwenda ilikuwa sawa, kurudi akipanda ule mlima wa Mai Mahiu nyuma ya malori gia ya kwanza, kiraka kikaruka chote, maji yakaisha kwa dakika chache na kitu mbaya zaidi ni kwamba geji haikupanda, kwa sababu ile sensa inapima maji na maji yakiisha inabaki inapima hewa, kwa hivyo yeye akaona sindano iko katikati akaendelea kupanda mpaka gari ikakosa nguvu na ikazima. Silinda hedi ilikuwa imepinda. Tukaitoa, ikapelekwa kuskimiwa, yaani kusawazishwa kwa mashine, gasketi mpya, oili mpya, breakdown ya kutoka huko mpaka Rongai, kwa pesa hizo ningenunua rejeta mpya hata nne. Na fundi wa kiraka akasema dereva ndiye aliua gari! Ndugu, huyo ni mama utakuwa umebeba, na Timboroa ni mlima mrefu. Usiende na gundi.

Wa_Umoja
Pole sana. Sasa ni ex-Japan ama mpya? Nimeulizia, ex-Japan elfu saba, mpya ya Taiwan elfu tisa.

ProboxNiUhai
Ex-Japan bila kufikiria. Hizo mpya za bei rahisi zina mapezi mepesi sana.

Spana_Ngara
Ex-Japan imetoka kwa gari ya umri wa yako, plastiki imechoka vile vile. Ukinunua, pitisha kucha kwa tangi la juu, ikiwa imebadilika rangi kuwa kahawia iache. Na kwa sababu ni otomatiki, oili ya gia inapozwa ndani ya tangi la chini. Kile kipoozeo kikiwa kimetoboka, maji yataingia kwa gearbox na hapo utalia. Wapime presha pande zote mbili ukiwa hapo. Badilisha na mfuniko.

MamaK_Kasarani
Na wasikutolee themostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwa rejeta mpaka injini ipate moto! Wanaitoa ati gari ipoe.

JuaKali_Kariobangi
Themostati Nairobi ni ya nini? Hapa hakuna theluji.

Spana_Ngara
Si ya theluji. Injini inafaa kufika joto lake na kukaa hapo, ikiwa baridi inakunywa mafuta na oili inachakaa haraka. Halafu Nairobi tuko juu, kama mita 1,800, maji matupu yasiyo na presha huchemka kwa digrii 94 hivi. Ndio maana nasema mfuniko mzuri na kulanti.

Kitengela_Boy
Swali kando, huku kwetu maji ya borehole ni ya chumvi, naweza kuchanganya na kulanti ile kali ama lazima ninunue distilled?

Rongai_Daily
Nunua distilled. Chumvi hula aluminiamu.

JuaKali_Kariobangi
Maji ya mvua pia ni sawa, mimi nimetumia miaka mingi. Na hilo la themostati bado sijakubali.