Tupeane uzoefu: Uliwahi kukodi mikanda ya video mtaani? Maktaba yenu iliishia wapi?

Deki Kuukuu (mleta mada)
Wakuu, juzi nilikuwa Tanga msibani. Nikatoka mara moja kwenda kutoa hela kwa wakala pale Ngamiani. Nipo kwenye foleni, nainua macho, naona rafu. Zile rafu zetu! Mbao nyembamba, vijichumba vya kuingia mkanda mmoja mmoja umesimama. Sasa hivi zimepangwa chaja, sabuni na biskuti. Ndiyo fremu ile ile niliyokuwa nakodi mikanda mwaka 1998, na ukutani rangi imepauka lakini maandishi bado yanasomeka: RUDISHA MKANDA NYUMA, FAINI 100.

Nikamuuliza dada wakala kama anajua maana yake. Akasema, "Mie nimeyakuta hapo hapo kaka, nilijua ni mambo ya suruali."

Nimecheka mpaka nikasahau namba ya siri. Mtaani kwetu tulikuwa na maktaba za video nne, leo hakuna hata moja. Tupeane uzoefu.

Mtoto wa Makorora
Barabara ya ngapi hiyo mkuu?

Deki Kuukuu
Nikiitaja mwenye fremu atanijua. Kuna mkanda wake sijarudisha mpaka leo.

Mama Wawili
Mambo ya suruali, mbavu zangu jamani!

Mimi ninachokumbuka ni umeme. Umekodi mkanda Jumamosi jioni, mmekaa sebuleni na watoto wa jirani wamejaa hadi mlangoni, steringi ndio kwanza ameingia kwenye ngome ya adui, pap! Giza. Mkanda upo ndani ya deki na deki haitemi bila umeme. Jumapili nzima hakuna. Jumatatu hakuna. Faini kwa siku ni mia mbili na mwenye maktaba hataki kusikia habari za umeme, anakwambia na kwake pia haukuwepo.

Kaka yangu akajifanya fundi, akafungua deki kwa kisu cha jikoni. Deki yenyewe mjomba alikuja nayo kutoka Muscat, mzee alikuwa anaifunika kitambaa cha kufuma kama vile ni maiti ya mtu mkubwa. Jamaa akavuta mkanda kwa kidole, ukatoka tambi. Tambi kabisa, mita na mita, mpaka chini ya kochi. Tukaanza kuuzungusha kwa penseli tukiwa na kibatari. Mzee alipoingia hakusema kitu, akatazama, akatoka nje, tukasikia anavunja kijiti kwenye mwarobaini.

Fundi Saa
Kijiti cha mwarobaini, naunga mkono hoja.

Kinyozi wa Temeke
Ngoja niwaambie mimi niliyekuwa upande wa ndani wa kaunta. Nimefanya kazi maktaba ya video Temeke kuanzia 2001 mpaka 2009.

Biashara ilikuwa hivi. Bosi anakwenda Kariakoo, ananunua mkanda mmoja mpya. Nyuma ya pazia tuna deki mbili zimeunganishwa waya, moja inacheza, nyingine inarekodi. Picha ya dakika 90 unaingojea dakika 90, hakuna njia ya mkato. Kopi ikitoka vizuri, hiyo nayo ndiyo inatolewa kopi nyingine. Ikifika ya tatu au ya nne, nyuso za watu zimekuwa kama zimepakwa uji, unamjua Van Damme kwa mateke tu. Mteja anaacha kitambulisho, tunaandika kwenye daftari namba ya mkanda, jina, na alama ya nyumba yake. "Anakaa nyuma ya mashine ya kusaga." Nilikuwa na boksi la viatu limejaa vitambulisho ambavyo wenyewe hawakurudi tena.

Watu wanasema intaneti imetuua. Si kweli. Mwaka 2009 tunafunga, hapo mtaani nani alikuwa na intaneti ya kuangalia picha? Sisi tuliuawa na sidii. Zilipoingia zile za picha nyingi ndani ya moja, mtu ananunua kwa bei ya kukodi mikanda miwili mitatu, na ni yake, hana faini, hana wa kumdai. Akimaliza anampa jirani. Sasa akodi kwangu kwa sababu gani? Flashi na simu zilikuja kuzika tu, maiti ilishalala siku nyingi.

Mchambuzi Huru
Kwa hiyo unakiri hapa hadharani kwamba mlikuwa mnadurufu kazi za watu nyuma ya pazia. Halafu tukiuliza kwa nini wasanii wetu wa filamu wamekufa maskini mnashangaa.

Kinyozi wa Temeke
Van Damme amekufa maskini?

Mchambuzi Huru
Usicheze na maneno. Za Kibongo nazo mlidurufu. Mpaka serikali ikaleta stika za TRA, mamlaka ya mapato, kwenye sidii mwaka 2013 ndiyo angalau ya halali ikajulikana na ya wizi ikajulikana.

Kinyozi wa Temeke
2013 mimi nilikuwa nanyoa ndevu, mkuu. Hiyo kesi mpelekee mwingine.

Babu Asiyezeeka
Nyinyi vijana mnalilia maktaba za video. Mimi nawaangalia tu. Maktaba hizo hizo ndizo zilizotuua sisi wa majumba ya sinema. Bara hapakuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, wakati Zanzibar wanaona rangi tangu miaka ya 70. Kwa hiyo huku mtu akipata televisheni na deki vilikuwa vya kuonea mkanda tu. Ikawa watu wanakaa majumbani na foleni za tiketi zinapungua mwaka hadi mwaka. Dar es Salaam tulikuwa na Empire, Avalon, Odeon. Tulikuwa na Drive-in, unaingia na gari, mtoto amelala nyuma, mama ana bajia kwenye kapu, unatazama picha ya Kihindi chini ya nyota. Leo kile kiwanja ni ubalozi wa Marekani. Nenda kaombe tiketi pale uone.

Mtoto wa Makorora
Shikamoo babu. Ila kwenye Drive-in walikuwa wanaingia wenye magari. Sisi wa miguu maktaba ndiyo ilitukomboa.

Babu Asiyezeeka
Marahaba. Wa miguu walikaa kwenye ukuta. Uliza wazee wako.

Jirani wa Buruburu
Majirani hamjambo? Huku Nairobi mchezo ulikuwa ule ule, ila sisi bila DJ Afro kutafsiri kwa Kiswahili movie haikuwa movie. Ukipeleka nyumbani kanda yenye Kizungu kitupu, hata shosho anakuuliza ni nani amekufa.

Fundi Saa
Mkiongelea kutafsiri picha muanze na Lufufu kwanza, mtafsiri wetu wa Bongo, heshima yake. DJ Afro baadaye.

Jirani wa Buruburu
Heshima tunampa, lakini DJ Afro ako juu. Hiyo haina mjadala.

Fundi Saa
Wewe Lufufu unamsikia kwa masimulizi. Mimi nimekaa kwenye banda la video, benchi la mbao, jasho linatiririka, jamaa anamweleza adui siri zake zote na bei ya nyanya sokoni humo humo. Haina mjadala kweli.

Mama Wawili
Mmeanza. Uzi unahusu maktaba jamani.

Mbeba Boksi
Niko Oregon, Marekani. Msidhani ni kwetu tu. Blockbuster, kampuni ya huku ya kukodisha mikanda, walikuwa na maduka zaidi ya 9,000 mwaka 2004, mwaka 2010 wakafilisika. Limebaki moja dunia nzima, lipo Bend, huku huku Oregon. Nilipita, watu wanapiga picha mlangoni, wananunua fulana.

Deki Kuukuu
Wenzetu fulana, sisi sabuni.

Usiku wa Morogoro
Nimesoma uzi huu toka jana usiku nikasema siandiki. Naandika.

Dada yangu mkubwa aliolewa mwaka 1996 Morogoro. Harusi ilirekodiwa mkanda mmoja tu wa masaa mawili, kopi hatukutengeneza. Baba yetu alifariki 1999. Hatukuwa na sauti yake mahali pengine popote, ila kwenye mkanda ule, karibu na mwisho, pale alipopewa kipaza sauti kutoa nasaha.

Mwaka 2003 nina miaka 14. Nikakodi picha ya Kihindi, ya Amitabh, mkanda mweusi usio na karatasi. Wa harusi nao mweusi, karatasi yake ilishabanduka siku nyingi. Nilikuwa naiangalia yote miwili wiki ile. Mnajua kilichotokea. Nikarudisha wa harusi kwenye kasha la Amitabh, yule kijana wa maktaba hakukagua, akafuta namba kwenye daftari akanirudishia kitambulisho cha mama.

Wiki tatu zikapita. Siku ya hitma ya baba, jioni wageni wameondoka, mama akasema, wekeni mkanda nimsikie. Nikaweka. Akatokea Amitabh anakimbia kwenye mvua.

Nilikimbia na kanga ya ndani. Maktaba ilikuwa bado wazi. Yule kijana akafungua daftari, akasema eeh, ule kuna mteja aliurudisha akilalamika kwamba amepewa harusi ya watu. Nikamwambia nipe. Akainuka taratibu, akauchukua kwenye rafu ya juu, akanipa, na alipokuwa ananipa nikaona kwenye ule upenyo wa pembeni, pale panapovunjwa ili mkanda usirekodike, pamebandikwa selotepu.

Walirekodi picha ya Kichina juu yake.

Tuliiangalia yote, mimi na mama. Dakika mia moja na kitu za watu kupigana. Mama hakusema "zima." Picha ikaisha, majina ya Kichina yakapanda, ikaja theluji, halafu sauti ya watu, halafu harusi ikarudi. Kilichokuwa hakijafutwa ni kipande cha mwisho tu. Nasaha zilikuwa zimekwisha liwa. Baba amesimama na kipaza sauti, kanzu yake imeinuka upande mmoja kwa sababu kalamu imenasa mfukoni, anasema: "Wali bado upo jamani. Watu wa Kihonda msiondoke, wali upo." Basi. Anamrudishia kijana kipaza sauti, anaangalia kamera kama anataka kuuliza kitu, na mkanda unakwisha.

Mama aliurudisha nyuma pale pale mara sijui ngapi.

Mkanda ninao. Deki ilikufa mwaka 2008. Mama sasa ana miaka 78 na mwezi uliopita ameniuliza, ule wali uko wapi.

Mtoto wa Makorora
Pole sana dada yangu.

Mama Wawili
Nimetoa machozi niko kwenye daladala. Watu wa Kihonda msiondoke.

Mchambuzi Huru
Haya, mmeona? Hiki ndicho nilichokuwa nasema kuhusu kurekodi rekodi hovyo.

Kinyozi wa Temeke
Dada, mimi nimebandika hizo selotepu. Si kwako, mimi sikuwa Morogoro. Lakini nimebandika nyingi, na sikuwahi kuangalia ndani kuna nini kabla ya kurekodi. Nisamehe kwa niaba yake.

Fundi Saa
Nasikia Ulaya wana mashine za kufukua picha iliyofutwa chini. Nasaha zote zinaweza kurudi.

Mzee wa Kamera
Usimpe mtu matumaini hewa. Kilichorekodiwa juu kimekwenda. Lakini kile kipande kilichobaki kinaokoleka. Nimerekodi maharusi miaka mingi, nisikilizeni. Dada, fungua kile kifuniko cha mbele cha mkanda uangalie: una vumbi jeupe jeupe kwenye ukanda? Huo ni ukungu. Usiuweke kwenye deki yoyote kabla haujasafishwa, utachafua hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, na utaukata.

Usiku wa Morogoro
Upo mweupe kidogo pembeni.

Jirani wa Buruburu
Weka ndani ya mchele siku tatu, unavuta unyevu.

Mbeba Boksi
Au jokofuni.

Mzee wa Kamera
Mchele ni wa simu iliyodondoka chooni. Jokofuni usithubutu. Weka mahali pakavu penye hewa, si juani. Halafu mpe mtu anayejua aufute taratibu. Kisha unahitaji deki nzima, waya wa njano na mwekundu, na kile kidude cha kuingizia picha kwenye kompyuta, Kariakoo kinapatikana. Tatizo ni deki. Wajapani wa Funai walikuwa wa mwisho kuzitengeneza, wakaacha mwaka 2016. Zilizobaki ni za kutafuta uvunguni kwa watu.

Babu Asiyezeeka
Mimi ninayo moja, National. Inafanya kazi, ila kidude cha kurudisha nyuma kimekufa.

Kinyozi wa Temeke
Faini mia, babu.

Deki Kuukuu
Jamani naomba turudi kwenye mada, maktaba zenu ziliishia wapi?

Mama Wawili
Mada ni hii sasa. Nani ana deki?

Chogo wa Mbagala
Huwa nasoma tu siandiki. Ninayo. Ilikuwa ya maktaba ya shemeji yangu, alipofunga alinilipa deni kwa deki. Nipo Mbagala, dada akija na mama yake chakula kipo. Inacheza safi, picha haitetemeki. Ila niseme ukweli, inakula mkanda mara moja moja.

Usiku wa Morogoro
Ahsante sana kaka. Mara moja moja ni mara ngapi?