Naomba ushauri: natamani kuingia WAWATA (umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania), ila ndoa yetu haijafungwa kanisani

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Nilipojifungua kwa upasuaji, akina mama wa WAWATA wa jumuiya yetu walikuja na chupa ya uji wa pilipili manga. Mmoja akavuta beseni akafua nepi zote bila kuombwa. Tangu siku ile natamani kwenda nao kwa wagonjwa na wajane. Shida, naishi na mume wangu mwaka wa 9, mahari ilitolewa, lakini ndoa ya kanisani bado na komunyo sipokei. Kitenge cha sare nimeshanunua, kiko kabatini. Nianzie kwa mwenyekiti wa jumuiya au kwa paroko? Umoja huu uko tangu 1972, najua wengine mmepitia hili. Mlifanyaje?