Tupeane uzoefu: kibaka kakuvamia, unampiga mpaka wapi?

Mkazi_wa_Goba:
Wakuu habari za muda huu. Juzi usiku mtaani kwetu jamaa kamkuta dogo anachomoa betri ya bajaji, kamtandika bomba la chuma, dogo kalazwa hoi na jamaa yuko ndani. Mtaa umegawanyika, wapo wanaosema safi sana na wapo wanaosema kazidisha. Nataka tusikie wale yaliyowakuta kweli. Ulivamiwa, ukajitetea vipi, ukaishia wapi? Wale wa "ningekuwa mimi ningefyeka" piteni kushoto.

MamaPili:
Mimi ni wa Mbagala. Nafunga genge usiku, mtu kanipiga kabali kwa nyuma, mkono mwingine unatafuta mkoba wa mauzo. Kisu cha vitunguu kipo mezani nakiona kabisa, ila kilichokuwa karibu na vidole vyangu ni bakuli la pilipili ya mihogo, nikalirusha juu ya bega bila kuangalia, nusu ikaingia kwenye macho yangu mwenyewe. Akaachia, nikasikia anapiga chafya huku anakimbia, na mimi nalia napapasa ndoo ya maji. Watu wananisifia eti nilikuwa na busara sikumchoma. Jamani busara gani, kisu kilikuwa mbali!

Mzee wa Doria:
Umenichekesha mama, pole lakini. Mimi nimekaa ulinzi shirikishi muda mrefu, niwape la sheria kwanza. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 18 na wenzake 18A mpaka 18C, inakupa haki ya kujitetea wewe, kumtetea mwenzio na kutetea mali. Lakini 18B inasema nguvu iwe ile inayohitajika tu, ukizidisha unajibia ulichozidisha, na mtu akifa kwa huko kuzidisha inakuwa kuua bila kukusudia, ambayo inafika mpaka kifungo cha maisha. Watu wengi wanadhani mwizi akishavuka geti basi ni halali yako kumfanya lolote, sio kweli.

Sasa kisa. Tuliitwa usiku nyumba moja, mwizi kaingia na panga, baba mwenye nyumba kamuwahi mlangoni na mchi wa kinu, kampiga mkono panga likadondoka. Hapo hakuna wa kumlaumu. Mwizi akageuka akarukia ukuta, kaning'inia, kandambili moja imebaki chini, na mzee akamfuata akampiga tena mgongoni na kiunoni mpaka akaanguka. Mpelelezi alipofika hata hakukaa sana kwenye lile panga, alimgeuza majeruhi akauliza, hizi za mgongoni alizipata akikushambulia? Baba akanyamaza. Za mkononi zilikuwa na maelezo.

Chuma_Mwanza:
Mzee heshima yako ila haya ni maneno ya mchana. Saa nane usiku umeme umekata, watoto wanalia, wewe unajuaje panga limedondoka? Unajuaje harudi na wenzake? Mtu kakurupuka usingizini halafu mnamtaka awe anapima kama yuko dukani!

Mzee wa Doria:
Hapo una hoja mwanangu, na sheria imeliona. 18C inaangalia uliamini nini kwa dhati wakati ule na kama ulikuwa na sababu za msingi, kwa hiyo ukiona kweli unakufa unaruhusiwa kwenda mbali, hata mtu akifa. Nisichokubali ni yule wa nyumba ya nne anayekuja na tofali wakati mwizi kashafungwa kamba. Huyo katishiwa na nani? Mtu akifia pale, hiyo ni kesi ya mauaji.

Kisauni_Boy:
Sisi huku Mombasa vijana wa mapanga twawajua. Mmoja alininyanyulia panga nataka kuingia nyumbani, nikamgonga mkono na kufuli ya baiskeli, panga likalia chini. Nililikanyaga kwa mguu nikapiga mayowe, sikuinama kuliokota, manake ningelishika ningelitumia, najijua. Majirani wakatoka yeye kashatoweka kichochoroni.

Dereva_Tabata:
Naongeza moja ambalo hamjaligusa. Abiria alinikaba ndani ya bajaji nikamng'ata mkono nyama ikatoka, akaruka akakimbia. Mimi nikajiona mshindi, nikaenda kulala, shingo imevimba. Kumbe mwenzangu usiku ule ule kaenda kituoni, kachukua PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeraha, katibiwa, kaandika maelezo kwamba tuligombana nauli nikamjeruhi. Kesho yake nakamatwa kijiweni mbele ya wenzangu. Nawaonyesha shingo naambiwa na wewe ungekuja jana. Kwa hiyo ukishajinasua nenda ripoti hapo hapo, dai PF3 yako hata kama ni mchubuko, na kama kuna aliyeona chukua namba yake kabla hajasepa. Mimi nilikuwa sina shahidi hata mmoja. Kesi ikaja kufutwa kwa sababu mlalamikaji aliacha kutokea mahakamani, ila siku zote hizo za kwenda na kurudi bajaji imepaki, na tajiri mwenye bajaji hesabu yake ya kila siku aliitaka kamili.