Mwanangu anatimiza miaka 18 mwakani (2025) na hataki kujiandikisha kupiga kura. Nimwambieje?

MamaCherehani
Habari za jioni wakuu. Niko Tabora mjini, nashona nguo. Mwanangu wa kwanza ana miaka 17. Tangu uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura uzinduliwe kule Kigoma Julai 20 mwaka huu wa 2024 namwambia ajiandae, zamu ya mkoa wetu ikifika tuongozane. Hataki. Juzi natunga uzi kwenye sindano, akaniuliza: "Mama, umepiga kura 2010, 2015 na 2020. Kivuko kiko wapi?"

Kati ya mtaa wetu na shule ya msingi kuna korongo. Mgombea udiwani 2020 alisimama pale pale ukingoni akatuahidi kivuko. Mpaka leo masika yakianza tunalaza magogo mawili ya mwembe, watoto wanavuka wameshikana mikono, viatu wamening'iniza shingoni. Mdogo wake ameshateleza mara mbili, mara ya pili daftari zote zilikwenda na maji. Sikuwa na jibu. Nikakanyaga cherehani kimya.

Naombeni ushauri. Sitaki kumlazimisha, nataka nimwambie maneno ya kweli. Hata mimi moyo umeanza kulegea.

Kijana wa Ng'ambo
Mama, mwanao hajakosea. Serikali za mitaa 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi. 2020 kuna majimbo mbunge alipita bila kupingwa, watu hawakupewa hata karatasi ya ubunge. Na Katiba ibara ya 41(7) inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama ya kuchunguza. Usimfiche haya, atayasikia kijiweni.

Mzee wa Gongoni
Binti yangu, huyo kijana hapo juu asemayo ni kweli, nami simpingi. Ila mwambie mjukuu wangu jambo lililotokea mji huu huu anaokaa.

Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU, chama kilichopigania Uhuru, ulikaa hapa Tabora. Mkoloni alikuwa ameleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Na si kila mtu aliruhusiwa, ilitakiwa elimu, kipato au cheo. Mama mshona nguo angerudishwa mlangoni. Wajumbe wengi walikuja wamekasirika, wanataka kususia, na walikuwa na haki ya kukasirika. Nyerere akawabembeleza waingie hivyo hivyo, wakisusia watawaachia wengine viti. Mwenzao Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka kwenda kuanzisha chama chake. Kura zikapigwa 1958 na 1959, walioungwa mkono na TANU wakashinda, na Desemba 1961 tukapata Uhuru. Uchaguzi ule ulikuwa wa dhuluma waziwazi, na waliuingia wakijua.

Leo anatakiwa miaka 18 na uraia, basi. Hata asiyejua kusoma anapiga. Aliyeulilia mlango ule ni babu yake.

Binti Ujiji
Dada, natokea Kigoma. Uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini 1994 alitangazwa mshindi wa CCM. Dk. Aman Kabourou wa CHADEMA akaenda mahakamani na matokeo yakatenguliwa, kesi ikafika hadi Mahakama ya Rufani. Wazee wangu wanaikumbuka mpaka leo. Kesi ile isingekuwepo kama watu wangebaki nyumbani. Kura ambayo haikupigwa huwezi kuidai popote.

Karani Mstaafu
Niongeze hapo kwenye kivuko, maana ndiko mtoto alikoumia. Siku ya uchaguzi mkuu unapewa karatasi tatu: Rais, mbunge, diwani. Watu wanabishana ya kwanza mpaka jasho, ya tatu wanaikunja bila kusoma jina. Barabara na madaraja ya wilaya yako chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, diwani hajengi. Kazi yake ni kulibeba korongo lenu kutoka Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako yeye ndiye mwenyekiti, hadi baraza la madiwani, na kuwabana wahusika mpaka liingie kwenye bajeti. Kwa hiyo swali la mwanao liwe hivi: diwani wetu amelitaja korongo mara ngapi barazani? Kama hakuna mara hata moja, karatasi ya tatu ndiyo ya kumuondolea.

MamaCherehani
Asanteni sana, Mzee shikamoo. Nimemsomea yote. Ya 1958 hakuyajua, kauliza kwa nini shuleni hawakuambiwa kwamba ni hapa. Bado anasema hajaamua, nami nimemwacha. Swali langu: kadi yangu nilichukulia Urambo 2015. Inafaa?

Karani Mstaafu
Inafaa, kwa uboreshaji huu wa 2024 za 2015 na 2020 bado ni halali. Lakini umehama, kwa hiyo nenda nayo kituo cha mtaani kwako uhamishe taarifa, bure. Mwanao naye anaandikishwa katika uboreshaji huu ingawa ana 17, mradi atakuwa ametimiza 18 ifikapo siku ya uchaguzi 2025. Na uchaguzi wa mtaa mwishoni mwa mwaka huu wa 2024 una orodha yake nyingine, hiyo kadi peke yake haitoshi. Mkajiandikishe na huko, mwenyekiti wa mtaa naye anaingia kwenye kamati ile ya kata.