Tupeane uzoefu: kitu gani cha nyumbani umekipa kazi ya pili, na bado kipo kazini?

Mwanzisha uzi
Wakuu, salamu. Zile picha za chupa zilizopakwa rangi na kufungwa utepe zimenichosha. Zinapendeza, sikatai, lakini baada ya muda mfupi ziko jalalani na rangi yake na utepe wake. Hapa naomba uzoefu wa vitu vinavyofanya kazi kweli: kopo, boksi, nguo kuukuu, ndoo iliyopasuka, chochote. Swali langu ni moja tu: hicho kitu kimekuepusha kununua nini? Kama jibu ni "hakuna", hilo ni pambo, lifungulieni uzi wake.

Naanza mimi. Fulana ya pamba ikilegea shingo naikata vipande vya ukubwa wa leso, vinakaa kwenye boksi la viatu chini ya sinki. Karatasi za kufutia jikoni sinunui tena. Fulana za polyester nazitenga, maana hazinywi maji, zinayasukuma tu kutoka upande huu wa meza kwenda ule. Hizo najazia mito. Haya, karibuni.

Kopo Tupu
Mimi ni mitungi ya kioo yenye mifuniko ya kuzungusha. Nafaka, viungo, misumari, vyote humo, na makopo ya plastiki ya kuhifadhia sijanunua miaka mingi. Lebo inatoka ukiiloweka kwenye maji ya moto. Gundi inayobaki paka mafuta ya kupikia, iache kidogo, kisha sugua. Harufu ikigoma kuondoka, msilaumu kioo. Imejificha kwenye ule utepe laini ulio ndani ya mfuniko, kwa hiyo anika mfuniko juani peke yake. Na msimimine maji yanayochemka kwenye mtungi wa baridi, utapasuka mkononi.

Fundi Bisibisi
Kopo Tupu, kwa heshima zote, una mitungi mingapi ambayo haina kitu ndani? Nimeingia nyumba za watu nikakuta kabati zima limejaa mitungi mitupu inayosubiri siku yake. Hiyo bado ni taka, ila imepewa chumba.

Naleta upande wangu. Kabla hujakitafutia kitu kazi ya pili, hakikisha ile ya kwanza imekwisha kweli. Feni nyingi ninazoletewa zikiambiwa zimekufa zina nywele na vumbi vilivyojizungusha kwenye ekseli. Chomoa umeme, fungua kava la mbele, toa panga, ondoa uchafu kwa kibano, tia tone la mafuta ya cherehani, zungusha kwa mkono mpaka iwe nyepesi. Imepona. Pasi isiyopata moto, mara nyingi waya umekatikia ndani pale unapoingia kwenye mpini, kwa sababu ndipo unapokunjwa kila siku. Kule Amsterdam mwaka 2009 mwanahabari Martine Postma alianzisha mikutano ya majirani kukaa meza moja na mafundi wa kujitolea na kutengeneza vitu vyao. Wazo lile limeenea nchi nyingi kwa jina la Repair Café. Halihitaji jengo, linahitaji meza na mtu mwenye bisibisi.

Angalizo: oveni ya maikrowevu msiifungue. Ina kapasita inayoweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Kopo Tupu
Mitupu ipo sita, Fundi. Umenishika. 😂

Bibi Cherehani
Wanangu, hamjambo. Mimi ni shuka. Shuka huchakaa katikati, mahali mwili unapolala, huku pembeni bado imara kabisa, na watu wanaitupa yote. Ikate katikati kwa urefu, pale palipochakaa. Zigeuze zile pande mbili ili zile kingo za nje zikutane katikati. Kingo za kiwandani hazifumuki, kwa hiyo pandisha moja juu ya nyingine kidogo tu, shona mistari miwili sambamba, na mshono utalala bapa usimkere mtu mgongoni. Palipochakaa sasa pako pembeni, panachomekwa chini ya godoro. Pinda hapo ili pasichanike. Shuka ikichoka mara ya pili natoa foronya, foronya ikichoka natoa vitambaa vya kupigia deki. Vifungo na zipu hazitoki nyumbani kwangu kamwe.

Mwanzisha uzi
Shikamoo bibi. Hili la shuka nalifanya wiki hii hii.

Mzee wa Mboji
Ndoo iliyopasuka ilitajwa juu, ni yangu hiyo: natengenezea mboji, yaani mbolea ya majani na maganda yaliyooza. Toboa matundu chini na ubavuni, anza na majani makavu au boksi lililochanwa vipande (bandua tepu zote), kisha maganda ya jikoni, kisha makavu tena. Wataalamu wanataka sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Vikavu ndivyo vyenye kaboni nyingi, vibichi vina naitrojeni zaidi, kwa hiyo kwa mikono hiyo ni kama ndoo mbili au tatu za vikavu kwa ndoo moja ya vibichi. Pima unyevu kwa kuminya konzi moja: yakitoka matone mawili matatu, sawa, yakichuruzika, ongeza boksi. Ikinuka yai viza maana yake hewa haipiti, igeuze. Nyama, maziwa na mafuta msitie, vinaita panya.

Watu huniuliza kwa nini nihangaike wakati maganda yataoza hata jalalani. Yataoza, lakini yakifukiwa chini ya lundo bila hewa yanatoa methani, na gesi hiyo kwa kipindi cha miaka 20 inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi.

Chipukizi
Habari zenu. Mimi ni mgeni humu. Nina matairi mawili ya zamani nataka kupandia maua, na madumu ya dawa ya kuulia wadudu ambayo nimeyaosha vizuri, nadhani yatafaa kwa maji ya kunywa. Mnasemaje?

Mzee wa Mboji
Dumu la dawa ya wadudu HAPANA, mdogo wangu. Hata uoshe mara kumi. Sumu huingia ndani ya plastiki yenyewe. Suuza mara tatu, toboa ili asije mwingine akalitumia, kisha fuata maelekezo ya lebo kuhusu kulitupa. Matairi sawa, ila toboa chini. Tairi likishika maji ya mvua ni hospitali ya uzazi ya mbu wa Aedes, wale wanaoeneza dengi, na mayai yao yanavumilia ukavu kwa miezi yakisubiri mvua irudi. Mboga usipande humo, maua tu.

Mama Sabuni
Mimi mafuta yaliyokaangiwa mpaka yakawa meusi. Wengi wanayamwaga kwenye sinki, yanaganda ndani ya bomba, halafu wanamtafuta fundi. Nayachuja kwa kitambaa, nayapima, natengeneza sabuni ya kufulia na ya sakafu. Ya kuogea uso hapana, msijaribu.

Kwa gramu 1,000 za mafuta ya alizeti natumia karibu gramu 128 za kostiki soda (kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) na gramu 300 za maji. Mafuta mengine yana kipimo chake, usinakili hiki cha kwangu kwa mawese. Mzani wa jikoni ni lazima. Kijiko hakipimi kostiki. Vaa glavu na miwani, kaa penye hewa, watoto wawe mbali. Kostiki ndiyo inayoingia kwenye maji, KAMWE usimimine maji juu ya kostiki, yataruka usoni. Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu. Sufuria ya alumini inaliwa na kutoa gesi inayowaka. Maji yatapata moto yenyewe. Yakipoa, mimina kwenye mafuta na koroga mpaka ukiinua mwiko tone linaacha alama juu kabla ya kuzama. Mimina kwenye katoni za maziwa zilizosafishwa, ndiyo kalibu zangu, sijanunua hata moja. Kata siku ya pili, panga vipande viache nafasi kati yake, subiri wiki nne hadi sita.

Kopo Tupu
Harufu ya mafuta ya kukaangia haibaki kwenye nguo?

Mama Sabuni
Inabaki kidogo kwenye sabuni, kwenye nguo hapana. Ukichuja vibaya ndipo itabaki.

Msimamo
Niwachokoze kidogo. Kuna watu wananunua mfuko wa pamba kila wanapouona, eti kulinda mazingira. Taasisi ya mazingira ya Uingereza ilichapisha mwaka 2011 hesabu inayosema mfuko wa pamba utumike mara 131 ndipo, kwa upande wa tabianchi, ulingane na ule mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Kwa hiyo kama unao mmoja, uchakaze huohuo. Wa tano hauhitajiki.

Jingine: ile pembetatu yenye namba 1 hadi 7 chini ya chupa. Ilianza Marekani mwaka 1988 na inataja aina ya plastiki tu. Haimaanishi kwamba kitu kitarejelezwa. Namba 1 na 2 ndizo hupata wachukuaji kirahisi zaidi. Muulize anayekusanya taka zako anachukua zipi, kisha mpe zikiwa kavu na safi. Kopo la alumini mpe bila wasiwasi: kuliyeyusha upya kunatumia takriban 5% tu ya nishati ya kutengeneza alumini mpya kutoka kwenye madini.

Chipukizi
Ahsanteni, madumu nimeshayatoboa. La mwisho: betri za simu za zamani niziweke wapi? Nina tatu kwenye droo, moja imevimba.

Fundi Bisibisi
Hiyo iliyovimba itoe kwenye droo leo. Usiitoboe, usiibonyeze, usiichaji. Iweke kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na chochote kinachoshika moto, na mfuniko usiukaze. Zile mbili nzima ziba ncha zake za shaba kwa tepu ili zisigusane na chuma kingine. Zote tatu zipelekwe kwa wanaopokea taka za kielektroniki. Kwenye taka za kawaida lori likizibana zinawaka.