Monstera au alokasia kubwa kwa sebule ya Dar? Nanunua wiki hii

MkaziWaTabata
Wakuu, salaam. Nimetenga laki moja na nusu kwa mmea mmoja wa majani makubwa. Muuza miche ameniwekea miwili: monstera yenye majani sita, matatu yameshachanika, na alokasia (ile macrorrhizos) iliyonifika kiunoni. Bei zinakaribiana. Nichukue upi?

FundiMajani
Mkuu, hujasema mmea utakaa wapi. Dirisha linaelekea upande gani, mmea utakuwa mita ngapi kutoka dirishani, kuna kiyoyozi, unamwagilia maji ya bomba au ya kisima? Bila hayo tutabahatisha tu.

Bi_Mkungu
Monstera. Kwao ni misitu ya kusini mwa Mexico hadi Panama. Huanzia chini kwenye kivuli ndipo ipande mti, ndiyo maana inavumilia ndani ya nyumba kuliko alokasia. Ila lazima uisimikie nguzo iliyozungushiwa nyuzi za makumbi, uiweke upande inakotokea mizizi ya hewani, na nyuzi ziwe na unyevu ili mizizi ishike. Ikishika, kila jani jipya linalizidi lililotangulia. Ikikosa pa kupanda, shina linalala na majani yanadumaa.

Kichaka_Amani
Alokasia mnaionea. Ukiwa na baraza lenye jua la asubuhi, hakuna mmea wa chungu utakaokupa jani kubwa upesi kama huo. Unataka udongo wenye unyevu muda wote na mbolea ya NPK 20-20-20, nusu ya kipimo cha kwenye pakiti, kila baada ya wiki mbili. Jani la chini likigeuka njano huku jipya linachomoza, usihangaike, ndiyo kawaida yake. Adui wake ni utitiri. Utitiri unapenda hewa kavu ya kiyoyozi, unakaa chini ya jani na kuacha vidoa vidogo vyeupe na utando mwembamba.

MkaziWaTabata
Samahani wakuu. Sebuleni, dirisha la magharibi, mita tatu hivi. Kiyoyozi usiku. Maji ya kisima, yana chumvi kidogo. Na kuna mtoto ameanza kutambaa.

FundiMajani
Hapo umetuambia jambo kubwa mwishoni. Mimea yote miwili ina fuwele za kalsiamu oksaleti. Mtoto akitafuna jani, mdomo na koo vinawaka na kuvimba. Chochote utakachochagua, kiwe mahali asipofika.

Mita tatu ni giza. Monstera haitakufa, lakini majani mapya yatatoka mazima bila matundu, na vikonyo virefu vinavyotafuta mwanga. Isogeze iwe mita moja, uweke pazia jepesi, maana jua la saa kumi la magharibi linaunguza jani likabaki na mabaka ya kahawia. Maji ya chumvi yanakausha kingo za majani. Kinga maji ya mvua uyatumie, au kila mwezi mimina maji matamu (yasiyo na chumvi) mengi kwenye chungu yapite hadi yatoke chini, kisha mwaga yaliyo kwenye sahani.

Bi_Mkungu
Na usikimbilie chungu kikubwa. Monstera ya ofisi moja Mikocheni iliharibika hivi: ilitolewa kwenye chungu cha sentimita 20 ikatiwa kwenye cha 50, udongo mwekundu na samadi, kokoto chini "ili maji yapite". Kokoto hazisaidii. Maji husimama kwenye udongo ulio juu yake, na mizizi michache haiwezi kunywa chungu kizima. Majani yakaanza kugeuka njano. Wahudumu wakadhani kiu, wakaongeza maji. Shina likalainika na kunuka. Kilichookolewa ni cha juu tu: shina lilikatwa hadi kwenye nyama nyeupe isiyo na doa, likagawanywa vipande, kila kimoja na kifundo (pale jani linapotokea kwenye shina) na mzizi wa hewani, vikaachwa kivulini siku nzima kidonda kikauke ndipo vikapandwa. Jani lenye kikonyo bila kifundo linaweza kukaa kwenye maji miezi, lisitoe mmea kamwe.

Ongeza sentimita 5 tu za upana kila unapohamisha. Mchanganyiko: vumbi la makumbi sehemu 4, vipande vya makumbi 2, mkaa uliopondwa ukubwa wa punje ya mahindi 2, mboji 1. Mwagilia kidole kikikuta pakavu hadi sentimita 4.

Kichaka_Amani
Makumbi ya pwani yana chumvi! Loweka, mwaga, rudia mpaka maji yaache kuwa ya kahawia. Na upulizie majani maji kila asubuhi kwa ajili ya kiyoyozi.

FundiMajani
Kupulizia napinga. Unyevu huo unapotea dakika chache tu, na maji yakilala kwenye jani yanaleta madoa ya ukungu. Futa chini ya jani kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo kila wiki. Hapo utitiri na vidung'ata (wadudu wadogo wanaofyonza utomvu) vinaondoka kweli.

Kichaka_Amani
Kufuta nakubali. Kupulizia siachi.

Mti_wa_Kwetu
Mbona hakuna anayetaja Ficus lyrata? Ni wa misitu ya Afrika Magharibi, majani mapana magumu, na unasimama wenyewe bila nguzo.

Bi_Mkungu
Kwa dirisha hilo? Ukikosa mwanga au ukihamishwahamishwa unapukutisha majani. Na utomvu wake mweupe unawasha ngozi.

Mti_wa_Kwetu
Bora kupukutika kuliko kuoza. Halafu, ni kweli monstera inazaa tunda la kuliwa?

FundiMajani
Kweli, ingawa ndani ya nyumba huchanua kwa nadra. Tunda huchukua mwaka hivi kukomaa. Subiri magamba ya kijani yaachie yenyewe kuanzia chini, ule sehemu iliyoachia tu. Bichi linachoma mdomo kama jani.

MkaziWaTabata
Je, nikiweka alokasia barazani badala ya sebuleni? Baraza lipo, ila jirani ana mbuzi.

Kichaka_Amani
Jua linafika saa ngapi hapo barazani? Na mbuzi amefungwa?